Sabuni ya nazi inayochoma ngozi: kosa liko wapi, na ifanywe nini?

*"Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, na tunaishi Lamu mjini, katika nyumba ya mawe. Tangu Januari nimekuwa nikitengeneza sabuni kwa kipimo nilichopewa na rafiki yangu wa Malindi: kilo moja ya mafuta ya nazi, gramu 175 za kostiki na mililita 350 za maji. Ilitoka nyeupe, ngumu, yenye povu zuri, na majirani wakaanza kuninunulia. Mwezi wa Mei mafuta ya nazi yaliadimika, nikatia nusu lita ya nazi na nusu lita ya mafuta ya uto ya mawese, na mengine yote nikayaacha vilevile. Sabuni hii inawasha. Mikono yangu imekuwa myekundu na imepasuka, juu ya sabuni pamefanya unga mweupe, na inatoka majimaji kama jasho. Hata sufuria niliyochanganyia imebabuka na kuwa nyeusi ndani. Mavyaa wangu ananiambia nitie ndimu, jirani ananiambia niiweke miezi miwili itapoa yenyewe, na mwengine anasema kostiki ni sumu, nirudi kwenye majivu au magadi kama wazee. Nilitaka pia kumwogesha kwayo mwanangu wa wiki sita, kwa sababu sabuni za dukani zina kemikali. Nifanyeje?"*

Waalaykum salaam, dada yangu. Kabla ya maelezo yoyote, naomba uache kuitumia sabuni hiyo leo hii, uiondoe bafuni na jikoni, na usimguse nayo mtoto mchanga hata kidogo. Mikono yako isafishe kwa maji matupu, uikaushe kwa kuigonga taratibu na kitambaa, kisha uipake mafuta ya nazi au vaselini. Ikiwa kuna malengelenge, au nyufa zinazotoa majimaji, au uwekundu unaozidi kupanda mkononi badala ya kupungua, nenda ukaonekane na daktari, kwa sababu ngozi iliyounguzwa na kostiki huingiwa na viini vya maradhi kwa wepesi, hasa kwa mama anayefua na kuosha vyombo kila siku.

Nikisoma barua yako naona una maswali matatu ndani ya moja: kwa nini sabuni iliyokuwa nzuri imeharibika, kama inaweza kuokolewa, na kama njia yenyewe ya kutumia kostiki inafaa kwa nyumba yenye watoto. Rafiki yako wa Malindi hakukukosea. Kipimo chake ni sahihi kabisa kwa kilo moja ya mafuta ya nazi, na kosa limeingia siku ulipobadilisha mafuta bila kuibadilisha kostiki.

Mafuta yoyote, yawe ya nazi, ya ufuta au ya ng'ombe, yameundwa kwa asidi za mafuta zilizoshikana tatu tatu na gliserini. Kostiki, ambayo kwa jina la kikemia ni sodiamu haidroksaidi, hukivunja kiungo hicho: asidi za mafuta huungana na sodiamu zikawa sabuni, na gliserini hubaki humo humo ndani ya kipande. Jambo hili likikamilika kwa vipimo vilivyo sawa, kostiki yote huwa imetumika na haibaki hata chembe, kwa hiyo aliyekuambia kwamba kila sabuni ya kostiki ni sumu amechanganya kinachoingia katika chombo na kinachotoka. Hata sabuni ngumu ya kipande inayouzwa dukani imepatikana kwa njia hiyo hiyo au kwa njia iliyo jirani nayo. Lakini kostiki ikizidi mafuta, ile iliyozidi haina pa kwenda. Hukaa ndani ya sabuni ikisubiri mafuta mengine ya kula, na mafuta inayoyapata ni yale ya ngozi yako.

Sasa tazama hesabu, kwa maana ndipo penye jibu. Gramu moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 0.183 za kostiki ili igeuke sabuni yote. Gramu moja ya mawese huhitaji takriban 0.142 tu, na ufuta au alizeti huhitaji pungufu zaidi, karibu 0.135. Sababu ni kwamba karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo ni fupi, kwa hiyo katika uzito ule ule mna vipande vingi zaidi vya kuungwa na sodiamu. Kilo moja ya nazi basi huhitaji gramu 183 za kostiki. Wewe ulikuwa ukitia 175, na ile tofauti ndogo ya mafuta yasiyogeuka ndiyo iliyoilinda ngozi yako miezi yote ya kaskazi.

Mwezi wa Mei yalitokea mambo mawili kwa pamoja. Kwanza uliingiza mawese, yanayotaka kostiki pungufu. Pili, na hili nadhani hukuliona, ulitoka kwenye kilo ukaingia kwenye lita. Lita moja ya mafuta haina uzito wa kilo. Ina takriban gramu 920, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Nusu lita ya nazi kwa hiyo ni gramu 460, ambazo zinahitaji gramu 84 za kostiki, na gramu 460 za mawese zinahitaji kama gramu 65. Jumla ni gramu 149 au 150, na hapo hujabakisha mafuta yoyote ya kulinda ngozi. Wewe ulitia 175. Gramu 25 hivi za kostiki tupu zimebaki ndani ya sabuni ile, na hizo ndizo zinazokuchoma. Umemkatia mtoto kanzu kwa vipimo vya baba yake.

Kuhusu unga mweupe na jasho, hapa inafaa kutenganisha mambo, kwa sababu dalili hizi mbili huwatisha watu hata pale ambapo sabuni haina kasoro. Unga mwembamba mweupe juu ya sabuni mpya ni kostiki kidogo ya usoni iliyokutana na hewa ya kaboni dioksaidi kabla haijawahi kugeuka. Unapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu na hauna neno. Jasho nalo mara nyingi ni kazi ya gliserini, ambayo huvuta maji kutoka hewani, na hewa ya Lamu mwezi wa Mei, ambao ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote kwenu, ina maji ya kutosha kuilowesha sabuni iliyo njema kabisa. Jasho la namna hiyo huja siku ya mvua na hukauka jua linapotoka. Dalili ya hatari ni nyingine: ukikata kipande ukakuta ndani mna vijishimo vyenye majimaji, au sabuni inavunjika kama chokaa kavu, au ule unga ni mzito na umeingia hadi ndani, hapo ujue kostiki imezidi. Kwa hesabu tuliyoifanya, sina shaka yako ni ya aina hii ya pili, ingawa bila shaka masika nayo yameongeza lake.

Ndimu ya mavyaa wako ina mantiki, kwa kuwa asidi huizima kostiki, na mtu mzima aliyezoea kuona ndimu ikikata shombo la samaki na kung'arisha shaba ana haki ya kuifikiria. Taabu ni kwamba ndimu haijui kuchagua. Ukiikamulia sabuni iliyokwisha kushikana, itazima kostiki ya pale ilipoangukia na kuivunja sabuni ya jirani yake irudi kuwa mafuta, huku kostiki ya ndani ya kipande ikibaki salama salimini. Utapata sabuni yenye utelezi juu na moto ndani. Ushauri wa jirani wa kuiacha miezi miwili ni mzuri kwa sabuni nyingine, si kwa hii. Kule kuikausha sabuni kwa wiki 4 hadi 6, ambako kila mtengenezaji mwangalifu hukufuata, kazi yake kubwa ni kutoa maji ili kipande kiwe kigumu na kisiishe upesi. Kugeuka kwenyewe kwa mafuta kuwa sabuni hukamilika karibu kote katika siku moja au mbili za mwanzo. Gramu 25 zilizokosa mafuta mwezi wa Mei zitakuwa zimekosa mafuta mwezi wa Julai pia.

Magadi hayatakusaidia kabisa katika kugeuza mafuta. Ni chumvi za sodiamu zenye kaboneti, kali kiasi cha kulainisha maharagwe na kusaidia kufulia, lakini hazina nguvu ya kuyavunja mafuta ya nazi yawe sabuni ngumu kwa moto wa nyumbani. Utachemsha mpaka mkaa uishe na juu bado mafuta yatakuwa yanaelea. Majivu ni habari nyingine. Maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni ngumu au ya makumbi ya nazi yana potasi, na ni kweli kwamba watu katika nchi nyingi walitengeneza sabuni kwayo kwa karne nyingi. Ila sabuni ya potasi huwa laini kama uji mzito, haikatwi vipande, na tena huwezi kujua ukali wa maji yako ya leo kwa kulinganisha na ya wiki iliyopita, kwa sababu kila mti na kila moto hutoa majivu yake. Kostiki iliyopimwa kwa mizani ina usalama zaidi kuliko majivu yaliyokisiwa kwa jicho. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa kipole, na maji makali ya majivu huunguza ngozi na macho vilevile.

Je, sabuni yako inaokolewa? Inaokolewa kwa nusu. Inaweza kurekebishwa ikafaa kusugulia sakafu na kufulia matambara, lakini sitakushauri uiogee hata ikirekebishwa, na sababu yake ni sufuria. Nitaieleza baada ya hapa.

Ili uirekebishe, vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho, uiparuze sabuni yote kwa kisu au paruzo ambalo halitarudi tena jikoni, kisha uitie katika sufuria ya stenlesi pamoja na maji kidogo ya mvua, kama mililita 150, na uiweke juu ya sufuria nyingine yenye maji yanayochemka kwa moto mdogo. Ikishalainika, ongeza gramu 190 za mafuta ya nazi zilizopimwa kwa mizani. Nimefikia kiasi hicho kwa kuhesabu mafuta yatakayozila zile gramu 25 zilizozidi, na juu yake ziada ndogo isiyogeuka. Kama umeshatumia nusu ya sabuni, ongeza nusu ya mafuta hayo. Koroga, iache kwenye mvuke kwa muda wa saa moja hivi huku ukikoroga mara kwa mara, halafu imimine katika kibati ulichokitandika karatasi. Haitakuwa na uso laini kama ile ya kwanza, na si kitu.

Siku ya pili ipime. Wazee wa kazi hii huigusa sabuni kwa ncha ya ulimi, na ikiwapiga kama umeme wanajua ina kostiki. Sikushauri ufanye hivyo, hasa kwa sabuni tunayojua tayari kwamba imezidi. Tafuta karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha asidi au alikali, zenye rangi za viwango kutoka 1 hadi 14. Zile za litmasi hazifai, kwa sababu zitakuambia tu kwamba sabuni ni ya alikali, na sabuni zote ni za alikali. Lowesha kipande kwa maji ya mvua, kisugue, uiguse karatasi kwenye povu. Sabuni njema husimama kati ya 9 na 10 au inapita kidogo. Ikionyesha 11 na zaidi, ongeza mafuta kidogo urudie, au uitumie kusugulia choo ukiwa na glavu.

Sasa sufuria. Sufuria nyingi za kwetu ni za alumini, na alumini na kostiki haviwekwi pamoja hata kwa dakika moja. Kostiki huila alumini, na katika kuila hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Ukiwa umelikalia jiko la mkaa katika jikoni isiyo na dirisha kubwa, hilo ni jambo la kutisha kuliko sabuni inayowasha. Weusi unaouona ndani ya sufuria na kule kubabuka ni alumini iliyoondoka, na mahali ilipokwenda ni ndani ya sabuni. Ndiyo maana nimesema usiiogee. Sufuria hiyo usiipikie tena. Kwa kazi hii tumia stenlesi, au ndoo ya plastiki ngumu inayohimili joto, ile yenye alama ya namba 5 katika pembetatu chini yake, na mwiko ambao hautakaribia chakula. Sijui ni kwa nini maelezo mengi yanayopita kutoka mkono hadi mkono hutaja gramu kwa uangalifu mkubwa na kukiacha chombo bila kukitaja.

Maadamu nimelifikia jambo la usalama, niruhusu nilikalie kidogo, kwa sababu una watoto watatu ndani ya nyumba. Kostiki hutiwa ndani ya maji, maji hayatiwi juu ya kostiki. Inapoyeyuka hutoa joto kali ghafla, na maji machache yakiangukia kostiki nyingi huchemka na kuruka usoni. Fanya kazi hiyo darini au uani penye upepo, watoto wakiwa shuleni au kwa bibi yao, na usiinamie mvuke unaopanda. Maji ya kostiki yakishapoa hayana rangi wala harufu. Mtoto hawezi kuyatofautisha na maji ya kunywa, na ajali mbaya kuliko zote katika kazi hii ni ya mtoto aliyeyanywa kutoka chupa ya soda iliyotumika upya. Usiyahifadhi. Yatengeneze kwa kiasi cha siku hiyo na uyatumie yote siku hiyo. Kostiki kavu iweke katika kopo lake lenye kifuniko kinachobana, juu kabisa, mahali penye kufuli. Kubana kwa kifuniko kuna faida nyingine pia: kostiki hunyonya maji kutoka hewani, na kopo lililokaa wazi wiki mbili za masika halina tena ukali ule ule kwa gramu, kwa hiyo hata mizani yako itakudanganya.

Ikimwangukia mtu ngozini, vueni nguo iliyolowa na mmwagie maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, bila siki na bila ndimu, kwa sababu muda unaotafuta siki ndio muda ambao kostiki inazama ndani ya ngozi. Ikiingia jichoni, osheni jicho vivyo hivyo huku mmelifungua, na mkimaliza nendeni hospitali hata kama maumivu yamepungua. Aliyeinywa asitapishwe, kile kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Suuzeni kinywa chake na mumkimbize hospitali. Nyinyi wa Lamu mjini mna Hospitali ya King Fahd karibu, lakini kwa msomaji aliye Faza au Kizingitini, ambaye njia yake ni ya mashua, zile dakika za maji kabla ya safari ndizo zinazoamua mengi, na kuosha kuendelee hata chomboni kama maji safi yapo.

Turudi kwenye sabuni mpya, maana naamini hutaacha, wala sioni sababu ya kuacha. Mafuta ya nazi ni hazina kwa mtu wa visiwani. Maji ya visima vingi vya mji wenu yana chumvi na chokaa, kwa kuwa yamekaa katika mwamba wa matumbawe, na sabuni nyingi zikikutana na chokaa hiyo hufanya utando wa kijivu unaoganda kwenye nguo na kwenye ndoo badala ya povu. Sabuni ya nazi huvumilia maji ya namna hiyo kuliko nyingine, hata hutoa povu katika maji ya bahari, na hilo hutokana na ile asidi ya lauriki niliyoitaja. Ukichanganya mawese unapunguza sifa hiyo, ingawa unapata kipande kisichokausha ngozi sana. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ni mzuri, mradi uhesabiwe: kwa gramu 500 za nazi na gramu 500 za mawese, tia gramu 154 za kostiki na mililita 310 za maji. Kwa kilo moja ya nazi tupu ya kufulia, ile 175 ya rafiki yako inatosha. Kwa kilo moja ya nazi tupu ya kuogea ningeshuka hadi gramu 150 na mililita 300 za maji, kwa sababu sabuni ya nazi husafisha kwa nguvu mno na inahitaji kuachiwa mafuta mengi ndani yake ndipo isiikaushe ngozi. Vipimo vyote hivi ni kwa mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja; kikombe, kijiko na lita viwekwe kando, hata kwa maji ikiwezekana.

Maji yenyewe yawe ya mvua, kutoka jabia au tangi, yaliyochujwa. Na mafuta, kama unayakamua mwenyewe kwa tui, yarudishe motoni mpaka yaache kulia, kisha uyachuje kwa kitambaa, kwa maana maji na chicha iliyobakia ndani hukudanganya kwenye mizani na baadaye huivundisha sabuni ikafanya madoa ya rangi ya machungwa. Koroga mpaka mchanganyiko ushike uzito wa uji na mwiko uache alama unapopita. Sabuni ya nazi huwa ngumu upesi. Ikate siku hiyo hiyo ikiwa bado inakubali kisu, la sivyo kesho itapasuka. Kuhusu manukato, maua mabichi ya asumini au vikuba ukiyatia ndani yatageuka rangi ya kahawia na harufu yake itakufa, kwa hiyo ni afadhali kuyaweka kasha moja na sabuni iliyokwisha kukauka, ikanukia kwa nje. Mafuta ya karafuu yaepuke. Huufanya mchanganyiko ugande ghafla mikononi, na ngozi nyingi hazipatani nayo.

Jambo ambalo watu wa mwambao mngelipa uzito zaidi ni majira. Mvua ya masika ikusanyeni. Kaskazi ikivuma, tangu Desemba hadi Machi, hewa ni kavu na upepo ni wa uhakika, na hapo ndipo pa kutengeneza na kukausha sabuni ya nusu mwaka. Ipange darini kwenye uteo au wavu, kivulini, vipande visigusane, uigeuze kila baada ya siku chache, na mwezi wa Aprili usiingie ila imeshafungwa kwa karatasi na kuwekwa katika kasha la mbao. Usiiweke ndani ya zidaka za ukuta wakati wa mvua, kwani kuta za mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuurudisha taratibu. Ukilazimika kutengeneza wakati wa kusi, punguza maji kwa mililita 40 au 50 kwa kila kilo ya mafuta, ukubali kukausha wiki 8 badala ya 6, na ujue kwamba jasho litakuwepo.

Kwa nguo zilizofanya utando wa kijivu kwa maji ya kisima, yale magadi uliyoambiwa yana kazi hapa: kijiko kimoja cha chakula katika ndoo ya lita 20, koroga, subiri kidogo ndipo utie nguo na sabuni. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua kama yapo, au utie siki kidogo. Siki hiyo isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo wengi huiita jiki, wala katika ndoo moja wala katika bafu moja dogo lisilo na dirisha, kwa sababu zikikutana hutoa gesi ya klorini inayoyaumiza mapafu.

Mwanao wa wiki sita haihitaji sabuni yako, wala ya dukani. Ngozi yake ni nyembamba, na pH yake iko karibu na 5, ilhali sabuni yoyote ya kweli, iwe imepikwa kwa ustadi wa namna gani, iko juu ya 9. Maji safi ya vuguvugu yanamtosha kwa sasa, na pale penye uchafu wa choo tumia pamba iliyolowa maji. Baadaye ukitaka kumwanzishia kitu, ile sabuni ya nazi isiyo na manukato, iliyobakishiwa mafuta mengi na kukaushwa kaskazi nzima, waweza kuijaribu sehemu ndogo ya mguu na kusubiri siku moja. Akiwa na upele, au ngozi kavu yenye mabaka, au kama nyumbani mna mtu mwenye pumu na maradhi ya ngozi ya kurithi, muulize daktari wa watoto kwanza. Neno "kemikali" lisikutishe kwa upande mmoja tu; kostiki nayo ni kemikali, na chumvi ya mezani pia.

Limebaki la majirani. Waliopewa au kununua sabuni ya Mei waendee wewe mwenyewe, mlango kwa mlango, uichukue irudi na uwarudishie pesa zao au uwaahidi vipande vingine, na uwaulize kama kuna aliyemwogesha nayo mtoto au aliyepata kidonda. Ukitaka baadaye kuifanya biashara ya dukani, sabuni inayouzwa Kenya inatakiwa iwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango, KEBS, na miongoni mwa yanayopimwa ni hilo hilo tulilolizungumza: kostiki iliyobaki ndani ya kipande. Anza sasa kuweka daftari. Kila mpiko uwe na tarehe yake, uzito wa kila aina ya mafuta, uzito wa kostiki, kiasi cha maji na namba uliyoisoma kwenye karatasi ya pH, ili siku mafuta ya nazi yatakapoadimika tena ukokotoe upya kabla ya kulifungua kopo.